Siku Mjomba Alipofunga Tai

Haki ya Mungu, nilikuwa sijawahi kuona watu wakikimbia duka kwa sababu wamekaribishwa vizuri. Ijumaa ile niliona kwa macho yangu mawili.

Mimi ndiye ninayekanda unga katika duka la piza la mjomba wangu. Usije ukawaza meza na mishumaa. Kaunta moja, tanuri moja, rafu ya ukutani ya kuegemeza kiwiko, basi. Piza ni ya nyanya na jibini tu, tunauza kipande kimoja kimoja kwenye karatasi, unakula umesimama.

Kugombezwa ni bure.

"Kunja, kula, ondoka!" Ndiyo salamu ya mjomba. Ukiomba uma, anakuuliza kama mkono umekatika. Na watu wanampenda hivyohivyo, foleni mpaka kwenye kona.

Anayegombezwa kuliko wote ni jamaa tuliyembatiza Kofia, maana kofia yake ya sufu haivuliwi hata mbele ya tanuri. Kila akija anataka kipande kilichoungua pembeni. Mjomba humjibu, "Kilichoungua ni kichwa chako!" halafu anamchagulia kilichoungua kuliko vyote.

Sasa, Alhamisi akaja dalali. Jengo limeuzwa. Mwenye jengo mpya atapita kesho kimyakimya, ale, aangalie. Akipapenda tunabaki. Asipopapenda, tunapisha duka la simu.

"Anafananaje?" nikauliza.

"Sijui. Nimeongea na wakili wake tu."

Mjomba akakaa juu ya gunia la unga. Mtu ambaye sijawahi kumwona amekaa! Duka hilo ndilo lililonilea tangu mama afariki. Niliogopa, sifichi.

Asubuhi nikamkuta amefunga tai. Tai, juu ya aproni!

"Mpwa wangu, leo kila anayeingia ndiye mwenye jengo. Adabu mwanzo mwisho."

Akaingia dereva wa gari la taka, mteja wetu wa kila siku.

"Karibu sana, mpendwa. Umeamkaje?"

Dereva akageuka kutazama nyuma yake. Hakuna mtu. Akaninong'oneza, "Nani amekufa?"

Aliyefuata akanusa kipande, akakirudisha. "Mmeweka nini humu?" Muuguzi wa zahanati ya jirani yeye akamshika mjomba mkono, akampima mapigo ya moyo. Huko nje habari zikazagaa: mzee wa piza ni mgonjwa, anaaga watu.

Kufika mchana, duka jeupe. Mjomba anatabasamu peke yake, jasho linamtiririka, ncha ya tai imeshazama kwenye rojo la nyanya.

Ndipo akaingia Kofia.

"Kilichoungua kimoja."

"Bila shaka, mheshimiwa. Nikuletee na kitambaa?"

Kofia akaganda. Akauma kidogo, akatafuna kama mtoto anayepewa dawa.

"Mzee, mna nini leo?"

"Tunakuthamini tu, mheshimiwa."

Akaweka kipande chini. "Basi, hapa pamekwisha," akasema kwa huzuni. Akaenda akasimama mlangoni, hatoki, harudi.

Uvumilivu ukanishinda. Siku nzima nimemeza maneno, tumbo limejaa!

"Wewe Kofia! Unaacha chakula, una wazimu? Na hapo mlangoni umesimama kama nguzo ya umeme, wenzako wapitie dirishani? Rudi! Kunja, kula, ondoka!"

Mjomba akafumba macho.

Kofia akarudi. Akakunja. Akala mpaka akalamba vidole, na machozi yanamlengalenga.

"Nilisikia watu wa simu wanalitaka jengo," akasema. "Nikauza ghala langu, nikalinunua mimi. Tangu mke wangu afariki, hakuna anayenigombeza popote ila hapa. Halafu leo nakuja, naambiwa mheshimiwa! Nikasema potelea mbali, wachukue tu."

Nilitamani kuingia tanurini.

Mjomba akafungua tai polepole, akaitupa kwenye pipa. Akamwangalia mwenye jengo kuanzia kofia mpaka viatu.

"Kumbe ni wewe! Choo changu kinavuja, na wewe umesimama hapa unalia? Lete fundi, mjinga wewe!"

Kofia alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kumbe ana upara, tena unang'aa.

Fundi alikuja kesho yake.

Ndugu zangu, adabu ya kuazima haikai mwilini. Wanaokupenda wanaijua harufu yako. Ukijipaka marashi ghafla, watadhani unaficha maiti.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, unangoja nini tena? Kunja, kula, ondoka.