Penseli ya Mtunza Nyaraka

Mtunza nyaraka wa chuo chetu hapa Dallas simwamini, ingawa ndiye bosi wangu. Humnyang'anya kila anayeingia kalamu ya wino na kumpa penseli, eti wino huharibu barua za kale. Vidole vyake vyembamba huhesabu karatasi mara mbili, midomo ikicheza bila sauti. Jana faili la kiwanja cha jengo la kwanza lilikuwa na barua arobaini na moja, sawa na rejista. Leo zimezidi kwa moja, inayosema kiwanja kilikuwa mali ya fundi matofali. Jina la ukoo la fundi huyo liko kwenye beji ya bosi.

“Mama, imezidi moja.”

“Hebu hesabu tena, Chepngetich.”

Nilipomaliza, rejista ilisomeka arobaini na mbili, na yeye alikuwa akipuliza vumbi la ufutio.