Mchezo wa Kusimama

Alhamisi moja ya muhula wa pili, nikiwa darasa la tano, nilimpoteza mdogo wangu Saumu. Aliuawa na nyuki wa shule yetu huko Junda. Mpaka leo nikisikia harufu ya makumbi ya nazi yakiungua, huja furaha kwanza, kisha ndio yanakuja mengine. Makumbi ndiyo aliyoyatumia Mwalimu Charo kufukiza mzinga. Ulikuwa gogo la mnazi lililochongwa likawa tupu ndani, limetundikwa kwa kamba kwenye mti wa mkilifi nyuma ya madarasa, upande wa mikoko. Alasiri moshi ule ulichanganyika na harufu ya tope la maji kupwa, ukatuingia hadi kwenye nguo. Mama alitunusa mlangoni na kusema, "Watu wa nyuki hao washarudi."

Mwalimu Charo kwao walifuga nyuki tangu babu zake, na alipenda tuone kwa macho yetu. Alituambia tupande maboga kando ya ukuta. Maua mengine aliyafunika kwa vipande vya chandarua, mengine akayaacha wazi. Yaliyofunikwa yalisinyaa, yakadondoka. Yaliyoachwa wazi yakafunga maboga. "Kawaambieni mama zenu," alisema, "bila mdudu huyu, Kongowea hakuna soko." Nilikwenda nikamwambia Mama, ambaye aliuza maboga huko huko Kongowea. Alicheka sana. "Kumbe miaka yote nafanya biashara na nyuki na sina habari!"

Nyuki mmoja mmoja walitujia mara kwa mara, wakifuata jasho. Mwalimu alitufundisha tusipunge mikono wala kukimbia: simama, mikono ubavuni, funga mdomo, atakunusa aende zake. Ili tuzoee, aligeuza somo kuwa mchezo. Katikati ya kazi alipaza sauti ghafla, "Kimbieni! Wanakuja!" Aliyekimbia ameshindwa. Mimi sikuwahi kushinda. Sauti ikimtoka tu, miguu yangu ilikuwa imeshaondoka, na nyuma nikisikia wenzangu, "Huyoo! Mguu-niponye huyoo!" Saumu alikuwa darasa la tatu, lakini kazi ya nyuki tuliifanya sote pamoja, naye hakushindwa hata mara moja. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akafumba macho, akatulia kama anayepigwa picha. Nyumbani alinisimanga: "Dada, wewe hata ukiitwa kula utakimbia."

Alhamisi ile kamba ilikatika. Hakuna aliyeigusa, hewa ya chumvi ilikuwa imeila kidogo kidogo na hatukujua. Nilisikia kishindo, gogo likapasuka, kisha ukaja uvumo mzito kama wa mashine ya kusaga mahindi. Mwalimu akapiga kelele, "Kimbieni! Kimbieni!" Nikatoka mbio, kama kawaida yangu. Nilipofika mlango wa darasa nikasikia vicheko. Nikageuka. Wenzangu walikuwa wamesimama, mikono ubavuni, na wawili watatu walikuwa wananiita kwa lile jina. Kisha vicheko vikageuka mayowe, wakatawanyika wote isipokuwa Saumu, aliyekuwa karibu zaidi na mti. Uso wake sikuuona. Ulikuwa umefunikwa na nyuki. Mwalimu alivua shati, akamfunika nalo, akamlalia. Saumu alifariki garini akipelekwa hospitali, kabla hajafikishwa daraja la Nyali.

Siku ya tatu ya matanga Mwalimu alikuja akiongozwa mkono, macho yamefumbwa na uvimbe. Nilidhani Mama atamfukuza. Alitoka nje na leso yake kichwani, akamuuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, mwanangu hakukusikia?"

"Alinisikia, mama. Alitabasamu, akafumba macho."

Mama aliketi chini palepale, mchangani. Mwalimu naye akaketi. Walikaa hivyo mpaka watu wakaanza kuondoka. Mwalimu hakurudi tena shuleni kwetu.

Sasa ni mimi ninayeuza Kongowea, kwenye meza ileile ya Mama. Kila boga ninaloshika najua limepitiwa na nani likiwa ua. Nyuki sikuwachukia, na sisemi hivyo ili nionekane mwema. Ndivyo ilivyo tu. Mwaka huu binti yangu amesomeshwa habari zao kwenye kitabu chenye picha, mzinga wenyewe hajauona. Jumapili iliyopita nilikuwa nafua uani, binti yangu akicheza karibu, nyuki akaja kunywa maji kwenye beseni, kisha akamzunguka kichwani. Binti yangu akashusha mikono ubavuni, akafumba macho. Nilitaka kumwambia kimbia, neno likakataa kutoka. Nilimnyakua, mikono yangu ikiwa bado na povu, nikamwingiza ndani, nikafunga mlango, nikafunga na madirisha.

"Mama, ni mmoja tu," aliniambia. "Ni mmoja."