Ndege Huyu, Ndege Hii

Binti yangu anasoma ughaibuni, na nilipokwenda kumtembelea akaona anitoe matembezi. Mama wenzangu hupelekwa madukani; mimi nikapelekwa jumba la makumbusho ya ndege. Zilikuwamo za kila namna, nyingine zimening'inizwa juu kama popo, na chumba cha ndani kina mavazi ya watu waliokwenda angani. Nilitembea miguu ikiniuma, nikisifu kwa adabu, mpaka nikafika kwenye sanduku la kioo. Ndani yake mlilazwa bati la bawa la ndege iliyoanguka, limejaa matundu, na kibao pembeni: Usiguse. Ndugu yangu, nilisikia harufu ya korosho. Binti akaniuliza, "Mama, mbona unalia?" Nikamjibu, "Huyu namjua."

Kwetu ni juu kidogo ya Kiswere, ukiiacha bahari mgongoni. Enzi za mkoloni, kabla mama yangu hajaolewa, ndege moja ndogo ilishindwa njiani ikaja kulala kwenye uwanda wa chumvi. Rubani alitoka mzima, akanyweshwa madafu, akafuatwa na wenzake. Ndege ikabaki. Haikubaki sana, maana watu wa kwetu hawaachi mali ioze. Tairi likawa makatambuga, nyaya zikafunga mapaa, na babu, ambaye mimi sikumkuta, akabeba bati la bawa, akalitoboa matundu kwa msumari, akampa bibi la kukaangia korosho.

Kama hujawahi kukaanga korosho kwa moto wa kuni, nikwambie. Unazimwaga na maganda yake, unakoroga kwa kijiti kirefu, mafuta yanachuruzika kwenye matundu na moto unaruka kama umetukanwa. Moshi wake unawasha macho na koo. Zikishaungua unazimwaga mchangani, unazifukia zizimike, halafu mnakaa kubangua, vidole vyeusi, midomo myeusi, kila mmoja akiapa kwamba hajala hata moja. Bibi alikuwa akisema mbanguaji asiyeonja ni mwizi wa baadaye, basi tulionja mapema.

Bati lile yeye aliliita Ndege. "Mjukuu wangu, kamlete ndege, moto umeshika." Na kazi ikiisha: "Mlaze ndege uchagani, asinyeshewe." Babu hakuacha picha wala koti. Aliacha yale matundu, na bibi aliweza kukuonyesha aliyoyatoboa kwa utulivu na yale aliyoyatoboa jua likizama, anataka kwenda kuswali.

Uhuru ulipokuja tukapata shule, chumba cha udongo chenye madirisha mawili, na mwalimu kijana kutoka bara aliyekuja na redio yake kwenye kapu. Alikuwa na wazimu wa mambo ya anga. Sarufi yenyewe alitufundishia humo: "Ndege huyu anaruka. Ndege hii inaruka." Mwenye manyoya ni huyu, yenye injini ni hii, na ole wako uchanganye.

Siku moja akatangaza kwamba shule itakuwa na makumbusho, kila nyumba ilete kitu cha ndege. Kosa lilikuwa lake, kwa sababu hakusema ndege yupi. Kesho yake tukamletea manyoya ya kanga, viota, yai la njiwa, mdomo wa hondohondo, na mtoto wa jirani yetu akaja na jogoo mzima, hai, kamshika miguu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Jogoo akarudishwa, vingine akavipanga vyote mezani, pamoja na skrubu na kipande cha kioo cha ile ndege ya uwandani, vilivyopatikana baadaye. Akasema hawa ndio walioanza, na hii ilijifunza kwao. Jirani naye akaleta kisanduku cheupe kilichoangukia shamba lake la mihogo, kina uzi na mpira uliopasuka. Alikisomea dua kwanza. Mwalimu akatueleza kuwa ni cha watu wa hali ya hewa, kilipanda juu sana kupima upepo, na jirani akatembea kifua mbele mwezi mzima.

Katikati ya meza mwalimu aliacha nafasi wazi. Alikuwa amesikia habari za bati la bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu korosho."

Akala, akasifu, akaomba. Alisema lile bawa limewahi kuwa juu ya mawingu, watoto wanastahili kuliona. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, maiti ndiye anayetazamwa, tena mara moja tu, akazikwa. Huyu ndege wangu bado anafanya kazi."

"Ndege hii, Bibi," mwalimu akasema, kwa mazoea tu.

"Huyu," bibi akasema.

Alirudi kila msimu, na kila msimu aliondoka na korosho mfukoni bila bati. Redio iliposema watu wamefika mwezini, alikuja mbio kumpasha bibi habari, labda akidhani moyo wake utalainika. Bibi aliuliza tu kama wamewaachia Waislamu nafasi ya kuuona ukiandama.

Kisha likaja agizo la kuhamia kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Sisemi tulidanganywa. Bomba lilikuja, zahanati ilikuja, na mimi nimesoma kwa sababu ya shule ile kubwa ya kule. Tulipakia lori vyungu, vitanda, kuku, na meza ya makumbusho. Bibi alimpakata ndege njia nzima. Mikorosho haikupanda lori.

Msimu wa kwanza tulirudi kwa miguu, yeye na mimi, kutwa nzima. Pori lilikuwa limeshaingia chini ya miti, nguruwe wamekula mabibo na kutawanya korosho. Tukapata nusu kapu. Msimu uliofuata magoti yake yalikataa, na ndege akakaa uchagani hadi buibui akamzoea. Liliniuma lile bati lililokaa bure kuliko nyumba tuliyoiacha.

Mwalimu alipopita jioni moja kutusalimu, bibi hakungoja aombe. "Ile nafasi yako mezani bado ipo?"

"Ipo, Bibi."

Akanyoosha kidole uchagani. "Basi chukua hicho. Kimekuwa cha kutazamwa."

Nilidhani mwalimu atafurahi. Alilishusha bati, akalifuta vumbi kwa kiganja, akasimama nalo kifuani.

"Huyu, Bibi," akasema taratibu.

Bibi alikuwa ameshaingia ndani.

Mwalimu alihamishiwa Rondo, makumbusho yakageuzwa stoo ya majembe, na kila nilipouliza habari za bati nilijibiwa "bati gani?" Siku hizi nikipita Nangurukuru nanunua korosho za kwenye mifuko ya nailoni, nyeupe, safi, hazina hata doa la moshi. Nakula, na vidole vyangu vinabaki visafi, na hilo silipendi.

Kule kwenye lile jumba sikuuliza kama ndiye wetu au siye; nilingoja mlinzi ageuke, nikaweka kiganja changu juu ya sanduku, usawa wa yale matundu. Kioo kilikuwa baridi.