Kupima Joto la Miaka Iliyopita: Safari ya Embu hadi Timau

Niliondoka Embu kwa sababu ya ubishi. Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa nyumbani kwangu, mtaa wa Majimbo, nikinywa chai na rafiki yangu Kinya, nikamwambia waziwazi kwamba kazi yake siiamini. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Kinya nilisoma naye chuo kikuu, kisha yeye akaendelea na masomo ya hali ya hewa, na sasa ni mmoja wa wanasayansi wanaokadiria dunia ilikuwa na joto kiasi gani zamani, wakati vipimo vilikuwa vichache.

"Hapa kwetu kuzunguka mlima huu wote, wakati wa uhuru kulikuwa na vipimajoto vingapi?" nilimuuliza. "Vya kuhesabu kwa vidole. Halafu mnatuambia joto la dunia nzima! Hiyo si kubahatisha tu?"

Nilidhani atakasirika. Alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini.

"Shule zinafunga wiki hii, sindiyo? Mimi naenda Timau. Kuna kituo cha zamani cha kupimia joto huko ambacho wenzangu wanataka kukitupa. Twende pamoja, Mwalimu, ujionee vile tunabahatisha."

Asubuhi ya kuondoka jua lilikuwa kali, nami nilivaa shati la mikono mifupi. Kinya aliangalia mikono yangu, akaniambia nirudi ndani nichukue koti. Tulipita kwanza Kanja, kwa mama yangu, tuchukue ndizi za kumpelekea mwenyeji wetu wa Timau. Mama aliposikia tunakwenda kwa ajili ya mambo ya baridi na joto, hakuhitaji kuulizwa. Alianza kusimulia mwaka ambao ukungu ulikaa juu ya migomba mwezi mzima wa Julai na kahawa ikakataa kuiva.

"Mama, hiyo baridi ilikuwa hapa Kanja peke yake?" Kinya aliuliza.

"Peke yake wapi! Dada yangu ameolewa Nkubu, na alilia kama mimi tu. Kahawa yake ilikuwa kijani kama majani."

Kinya alicheka, akamshukuru. Tuliporudi barabarani nilimwuliza kama sasa anategemea kumbukumbu za akina mama.

"Hapana, nategemea vipimo. Lakini mama yako amesema jambo lile lile ambalo vipimo vinasema. Ukichukua joto la Embu na la Timau ukayachanganya, hupati kitu cha maana, kwa sababu Timau ni juu na ni baridi siku zote. Kwa hivyo mimi sichanganyi. Naiuliza Embu: mwaka huu umezidi kawaida yako, ama umepungua? Halafu naiuliza Timau hivyo hivyo. Kila mahali panalinganishwa na penyewe. Na huko kuzidi na kupungua, Mwalimu, kunaenda mbali. Mwaka wa baridi Kanja ni mwaka wa baridi Nkubu, na Meru, na hata mbele zaidi. Ndiyo maana vituo vichache, vikiwa vizuri, vinaweza kusemea nchi kubwa."

Baada ya Runyenjes barabara ilianza kuteremka na kupanda. Tulivuka daraja la Thuci, na kutoka hapo mito ilifuatana, kila mmoja na kona zake na baridi yake ya chini. Kwenye kona za Chuka nilimwuliza kuhusu bahari, maana sehemu kubwa ya dunia ni maji na majini hakuna mtu anayekaa.

"Mabaharia walikuwa wanachota maji kwa ndoo, wanatia kipimajoto, wanaandika. Shida ni kwamba ndoo ya turubai inapoteza joto upesi kuliko ndoo ya mbao. Kwa hivyo kuna watu wametumia miaka kujua ndoo zile zilitengenezwa kwa kitu gani, na zilikaa upepeni muda gani kabla ya kusomwa."

Nilicheka, kisha nikamtazama nikaona hatanii. Tangu hapo nilianza kumsikiliza kwa namna nyingine.

Mchana tulifika Meru mjini. Tuliingia hotelini, tukaagiza mukimo na nyama, na Kinya akafungua kompyuta yake mezani. Alinionyesha mstari uliotokana na kutoa joto la Meru katika joto la Timau. Kwa miaka mingi mstari ulikwenda karibu sawasawa, kisha ghafla ukaruka juu kama ngazi, na ukabaki huko juu. Akanionyesha Timau na Embu. Ngazi ile ile, mahali pale pale.

"Mlima hauwezi kupata joto Timau ndani ya msimu mmoja, halafu Meru isisikie," alisema. "Kuna kitu kilibadilika kwenye kituo chenyewe. Wenzangu wanasema tukitoe tu. Lakini tukikitoa, upande wote ule wa kaskazini unabaki wazi, na itabidi tuukadirie kutoka mbali. Nimewaomba wanipe nafasi moja nikatafute sababu."

"Na ukiipata, halafu hesabu iseme joto la Timau halijapanda kabisa?"

"Basi tutaandika kwamba halijapanda."

Alisema hivyo huku akinawa mikono, kama mtu anayesema kesho ni Alhamisi.

Tulilala Meru, na kesho yake asubuhi tulipanda kuelekea Timau. Barabara ilituteremsha Subuiga, tambarare za Isiolo zikaonekana upande wa kulia zikiwa kahawia na kavu, kisha tukaanza kupanda tena, na kila tulivyopanda nilizidi kufunga vifungo vya koti. Timau ilitupokea kwa upepo. Ngano ilijaa pande zote mbili, ikilala na kuinuka kwa pamoja.

Mwenyeji wetu, Mama Gatwiri, alitungoja langoni akiwa amejifunga shali mbili. Marehemu mume wake, Mzee M'Ikiara, alikuwa msimamizi katika shamba kubwa la ngano lililopakana na boma lao. Kuanzia miaka michache baada ya uhuru hadi alipostaafu, yeye ndiye aliyesoma vipimajoto vya kituo kila asubuhi na kupeleka vipimo mjini kila mwezi.

Tulikaribishwa chai na viazi vya moto. Kinya alieleza habari ya ngazi kwa upole, lakini aliposema kwamba vipimo vina kasoro, Mama Gatwiri alikirudisha kikombe chake mezani bila kunywa.

"Mmetoka huko kote kuja kuniambia Baba Gatwiri aliandika uongo?"

"Hapana, Mama."

"Mvua ikinyesha alienda. Akiwa mgonjwa alienda, mimi nikimshika mkono. Siku tuliyomzika mamake alienda kwanza kusoma ndiyo akaja kaburini, na ndugu zake walimkasirikia. Huyo ndiye mwongo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kinya alihama kiti chake akakaa karibu naye.

"Mama, mimi nimesoma vipimo vyake vyote. Hakuna mwezi ambao aliruka. Kama angekuwa mwongo, ile ngazi ingejificha. Mwongo anaandika vitu vinavyofanana. Yeye aliandika kile alichokiona, hata kilipokuwa cha ajabu. Mimi nauliza kuhusu kibanda, siyo kuhusu mzee. Kile kibanda cheupe cha vipimajoto kilikaa mahali pamoja siku zote?"

 Mama Gatwiri alijifunga shali upya, akasimama. "Kujeni," alisema.

Alitupeleka kwenye shamba. Kibanda tulikikuta karibu na ghala la ngano, rangi imebanduka, hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa mabati. Lakini yeye hakusimama hapo. Alitupitisha kando ya ngano hadi kwenye uwanja wa nyasi usio na kitu, akasukuma majani kwa mguu. Miguu minne ya saruji ilikuwa bado imechimbiwa ardhini.

"Kilikuwa hapa. Walipojenga ghala wakasema kinazuia trekta, wakakipeleka kule. Baba Gatwiri hakupenda. Lakini angefanya nini, shamba si lake."

"Ghala lilijengwa Gatwiri akiwa mkubwa kiasi gani?" Kinya aliuliza.

"Alikuwa ndiyo anaanza shule."

Kinya aliuliza Gatwiri alizaliwa mwaka gani, akahesabu, akanitazama. Ulikuwa mwaka wa ngazi.

Adhuhuri tulining'iniza kipimajoto kimoja kibandani na kingine kivulini pale penye miguu ya saruji. Jua lilikuwa limepiga mabati tangu asubuhi. Tuliposoma, cha kibandani kilionyesha joto zaidi. Nilipiga makofi na kusema tumemaliza kazi, turudi nyumbani. Kinya alitikisa kichwa.

"Hii ni siku moja, tena ya jua. Sijui usiku, sijui mvua, sijui Julai. Nataka mwaka mzima."

Kwa ruhusa ya meneja wa shamba, tulitumia siku iliyobaki kusimamisha kibanda kipya juu ya miguu ile ya zamani na kutia kila kibanda chombo kinachohifadhi vipimo chenyewe. Upepo ulitukata masikio. Mama Gatwiri alikuja na chupa ya chai, akasimama nasi mpaka skrubu ya mwisho.

Tulirudi Embu siku iliyofuata kwa njia ile ile. Sikubishana tena. Nilimwuliza tu, tukikaribia Runyenjes, inakuwaje wakirudi nyuma zaidi, miaka ambayo hata kituo kimoja hakikuwepo. Alisema hawatoi namba moja wakanyamaza. Hutaja pia ukubwa wa shaka, na vipimo vinavyopungua ndivyo shaka inavyopanuka. "Kazi yetu nusu ni kujua hatujui kiasi gani," alisema.

Mwaka ulipozunguka tulikwenda tena Timau. Kinya alikuwa amelinganisha vibanda viwili msimu kwa msimu, akaondoa joto lililoongezwa na ukuta. Ngazi ilitoweka. Chini yake ulibaki mstari unaopanda polepole, kwa kiasi kidogo kuliko ule wa kwanza, lakini unaofuatana na wa Embu na wa Meru. Wenzake waliuchunguza wakaukubali. Nami nilikuwa nimejifunza kwamba wale niliowaita wabahatishaji huanza kwa kujishuku wenyewe, na hawakubali namba hata moja kabla ya kujua ilisimama wapi.

Mama Gatwiri alisikiliza yote hayo mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hivyo wakihesabu joto la dunia la miaka ile, Baba Gatwiri yumo?"

"Yumo, Mama. Upande huu wa mlima ni yeye peke yake."

"Na jina lake wameliandika?"

 Niliona Kinya angependa kujibu vingine. "Majina ya wasomaji hayaandikwi, Mama. Imeandikwa Timau tu."

Mama Gatwiri aliinamisha kichwa kidogo, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu.

"Timau inatosha," alisema. "Yeye mwenyewe angesema waandike Timau."