Fundi wa Viti vya Ngozi Amekwenda na Kazi Yake

Fundi wa viti vya ngozi amekufa, na tumemzika upande wa Ekerenyo mvua ikitunyeshea. Habari niliipata kwenye kituo cha kupeleka chai. Mama aliyekuwa mbele yangu alisema tu, "Yule mzee wa makochi ameenda," kisha akaweka kikapu chake kwenye mizani. Basi. Ninyi mnaonisoma mnajua mimi si mtu wa kulia. Shule niliacha darasa la nne, nikabeba ndizi mgongoni mpaka nikajenga nyumba ya mawe, na sijaomba mtu msamaha mara nyingi. Huyu nilimkosea, na leo nitasema.

Nilikuwa nimenunua kochi la ngozi halisi kutoka ofisi moja ya mjini Kisii iliyokuwa ikihama, la kwanza katika kijiji chetu huku Manga. Likakauka, likapasuka pale mikono inapoegemea. Wakwe walipokuwa wanakuja kuzungumza mahari ya binti yangu mkubwa, nikaona fundi wa nini? Nikachukua rangi ya viatu, ile ya kahawia, nikalipaka lote mpaka likang'aa. Baba wa kijana alikuja na suruali ya rangi ya maziwa. Aliposimama kufunga kwa sala, makalio yote yalikuwa kahawia. Sasa, Wakisii wenzangu mnaijua chinsoni, ile heshima ya wakwe inayokukataza hata kuutaja mwili wa mkweo. Nani angemwambia? Mke wangu alitazama dari. Mzee wa watu akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akapanda boda boda, akapita katikati ya soko hivyo hivyo.

Kesho yake nikamwita fundi. Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. "Omogaka, mzee mzima, umevalisha kochi viatu!" Kisha akapiga magoti. Alifuta rangi yangu pole pole kwa kitambaa na maji ya sabuni kidogo. Akaligeuza kochi, akakata kipande cha ngozi kutoka chini, mahali ambapo hakuna mtu anaangalia, akakipunguza unene kwa kisu, akakipitisha chini ya mpasuko na kukigandisha kwa gundi. Rangi aliichanganyia nje juani, maana ndani ya nyumba, alisema, rangi hudanganya. Binti yangu mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, alisimama hapo siku nzima. Fundi alipojaribu mara ya tatu, binti akasema, "Bado ina wekundu." Mzee akainua kichwa, akamtazama. Akaongeza tone la kijani, rangi ikakubali.

"Nipe huyu," akaniambia. "Ana jicho. Mikono yangu imeanza kutetemeka, na watoto wangu wote wamekataa."

"Nikupe mtoto apige magoti mbele ya mahali watu wanakalia? Nimebeba ndizi ili yeye akae ofisini!"

"Na kiti cha hiyo ofisi kikipasuka?"

Nikamwambia amalize kazi aende.

Miaka imepita, binti amesoma. Vyeti viko kwenye bahasha, na hakuna ofisi iliyomwita. Mjane wa fundi aliniambia kwenye matanga kwamba mzee alizunguka mpaka Nyamarambe akitafuta mtu mmoja tu wa kumwachia kazi. Vijana walimjibu kwamba kochi likichakaa linatupwa. Ni kweli, linatupwa. Siku hizi tunauziwa ngozi ya plastiki inayobambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na hiyo haina dawa. Visu vyake ndugu wameshagawana, vinakata sukuma wiki.

Niliporudi nikamwambia binti kwamba labda bado anaweza kujifunza. Alikuwa anachambua mchele. "Tata, kwa nani?" akaniuliza, wala hakuwa na hasira.

Kwa hivyo siwaambii mpeleke watoto kwa mafundi. Hao mafundi wako wapi? Nawaambia nilichokiona nikiwa nimechelewa: sisi tuliolishwa na mikono yetu ndio tuliowafundisha watoto kuionea aibu, tukiita hayo maendeleo. Na mtu akishazikwa na alichokijua, ujute utakavyojuta, hainuki kukuonyesha.