Kahawa ya Mzee M'Ikiara na Sura Niliyoiruka

Nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, kule Githongo, niliyotamani ardhi ipasuke inimeze mzima mzima. Nikikueleza, mwanangu, usicheke mapema.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Kiburi sikukiacha. Niliposikia kuna masomo ya kemia ya chuo yanayotumwa kwa posta, mtu ajisomee nyumbani kwa mwendo wake, nikajiandikisha. Leo nyinyi mnayapata kwenye simu. Sisi yalitujia ndani ya bahasha ya kaki. Tofauti ni hiyo tu. Hakuna mwalimu wa kukukodolea macho. Kila sura iliisha na maswali, na majibu yalikuwa nyuma ya kijitabu, yamekaa tu kama ndizi mbivu kando ya njia.

Unajua nilichofanya. Nilinakili. Sura ya asidi na besi ilikuwa na majaribio ya kufanya kwa mkono, eti chovya hiki, tazama rangi ile. Nikasema hayo ni ya watoto, nikairuka. Majibu nikayatuma, yakarudi na alama za vyema tupu. Basi nikaanza kutembea sokoni na kalamu mfukoni. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma hadi Meru mjini.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Kagwiria, binti ya Mzee M'Ikiara. Wazee wetu walikuwa wamepeleka kitita cha miraa ya uchumba, na Mzee akakipokea. Kwetu kitita kikipokewa, mlango umefunguliwa; ilibaki baba wa msichana kunipima kwa macho. Mwaka huo ugonjwa ulishika matunda ya kahawa, na dawa ya chama cha wakulima ikachelewa. Nikaona nafasi yangu.

“Mzee, mimi ni mtu wa kemia,” nikamwambia. “Dawa nitakuchanganyia mwenyewe. Ni mrututu na chokaa tu.”

“Umeshawahi kuichanganya?”

“Nimeisoma.”

Kusoma, mwanangu! Nilimwaga mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, kwenye pipa la maji, nikatupia chokaa kwa kukisia, Kagwiria akakoroga kwa mti, nami nikabeba bomba mgongoni nikinyunyiza kama mfalme. Hazikupita siku nyingi, majani yakaungua kingo, matunda machanga yakaanza kudondoka. Jirani mmoja akasimama kwenye ua akapaza sauti, “Profesa! Siku hizi kahawa inakaangwa ikiwa bado mtini?”

Majirani waliokusanyika wakacheka. Mzee M'Ikiara hakucheka. Kahawa ile ndiyo iliyolisha na kusomesha nyumba yake. Akaniuliza mbele ya wote, “Mutuma, nini kimetokea?”

Aibu yenyewe iko hapa, si kwenye kahawa. Nilifungua mdomo nikasema, “Mimi nilipima sawasawa. Labda Kagwiria hakukoroga vizuri.”

Mzee alimgeukia binti yake akamkemea hadharani, kwamba uzembe wake utalaza nyumba njaa. Kagwiria alinitazama. Alikuwa anangoja niseme neno. Nikaangalia chini.

Nilipofika kwetu nikafungua ile sura. Ilikuwa fupi! Mrututu una ukali wa asidi, chokaa ndiyo huuzima. Chovya kisu safi kwenye dawa. Kikitoka na rangi ya shaba, chokaa haijatosha, ongeza. Kisu, mwanangu. Boma gani halina kisu?

Asubuhi nikamkuta Kagwiria akiwakatia ng'ombe majani. Nikamwambia naenda kumweleza baba yake ukweli.

“Mweleze,” akasema, panga halikusimama. “Lakini usidhani utanipata. Mtu aliyeunguza kahawa ya baba ningeolewa naye. Kahawa huchipuka tena. Wewe uliniunguza mimi, na ulikuwa unaniona.”

Nilienda, nikasema yote mbele ya majirani wale wale. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kijana,” akasema, “kutojua si kosa kwangu. Mimi hata kusoma sijui. Lakini umenifanya nimwonee mtoto wangu. Sasa nitamwangalia vipi? Waambie wazee wako uchumba umeisha.”

Kagwiria aliolewa upande wa Embu, karibu na Manyatta. Mimi niliirudia kozi ile tangu sura ya kwanza, nikaimaliza bila kuchungulia nyuma. Duka langu la dawa za kunyunyizia mimea lilianzia hapo, na hakuna aliyenishika mkono. Hilo nalisema bila haya. Lakini mteja akiniambia ametoka Manyatta, mpaka leo macho yangu hushuka yenyewe.

Nasaha yangu basi ni hii. Somo unalojisomea peke yako halina msimamizi ila wewe. Ukijidanganya hapo, umeshaanza mazoezi ya kudanganya wengine. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, kwa hivyo fanya kwa mkono hata lile linaloonekana la kitoto. Na ukikosea, kwa maana utakosea, anguka peke yako. Usimvute wa karibu awe godoro lako. Sema “ni mimi” papo hapo, kabla mwingine hajakaripiwa. Ukweli uliochelewa husafisha jina la mwenzako, lakini moyo wake haukurudishii.

Mwenyezi Mungu akupe akili tulivu na mdomo usioogopa. Mvua ikukute umeshapanda, jua likukute umeanika, na wale wanaokuamini wasijute kamwe. Amina.