Wasiojua Wanyooshe Mkono wa Kushoto

Jumuiya ya kujifunza ni kitu chepesi kukieleza. Walimu wa shule moja mnachagua jambo linalowashinda watoto, mmoja wenu analifundisha, wengine mnakaa nyuma na kuwaangalia watoto, kisha mnazungumza. Nimekieleza mara nyingi, bila kuchoka. Kilichonichosha ni kukifanya.

Shuleni kwetu Busawe tulichagua kutoa kwa kukopa. Darasa la pili kulikuwa na binti ambaye ukimwandikia 52 toa 27, anakupa 35. Hakuwa mzembe. Alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote alipoikuta, iwe juu au chini, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha kwa nini haiwezekani. Mwaka ulikuwa unaisha. Januari angeingia darasa la tatu hivyo hivyo.

Mwalimu wake wa hisabati, mzee wetu, mzaliwa wa hapa, ambaye wote tunampa shikamoo kabla hata ya kuweka mikoba chini, alijitolea kuanza. Somo lilikuwa zuri mno. Kila swali, mikono yote juu. Kila aliyeitwa, jibu sahihi. Tukapiga makofi.

Kesho yake niliingia darasa hilo hilo kufundisha kusoma. Nikauliza swali, mikono yote ikapanda. Nikamwita yule binti. Mwenzake wa dawati akacheka.

"Madam, huyo kanyoosha wa kushoto! Wa kushoto ni wasiojua!"

Kwenye kikao nikamwuliza mzee kwa upole kuhusu mkono huo wa kushoto.

"Sasa madam, mgeni akija kwako unampakulia kwenye sahani iliyotoboka?"

"Sisi si wageni, mwalimu. Tulikuja kutafuta ilipotoboka."

Akamgeukia kijana anayefundisha michezo. "Mura, kijana wangu, umesikia? Kumbe tumeletewa mkaguzi!"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, huku nimekasirika.

Basi nikaomba nifundishe mimi, kutoa huko huko kwa kukopa, wenzangu wakiwa nyuma. Niliwaambia watoto wanyooshe mkono wowote, au wasinyooshe kabisa. Niliandika 52 toa 27, nikafungua fungu moja la vijiti kumi mbele yao, nikavichanganya na vile viwili vilivyokuwa peke yake, tukahesabu pamoja. Wengi walibaki wananitazama tu. Binti akaja ubaoni, akaandika 35, akaniangalia kama aliyevunja kitu cha watu. Nikamwambia asiogope, amefanya vizuri kutuonyesha anavyofikiri.

Kisha tukakaa ofisini na chai.

"Sauti ilisikika vizuri."

"Ubao umepangika."

"Na madam kapendeza. Tumpe makofi!"

Wakapiga. Nilisubiri yaishe. "Yule binti alielewa?"

Kijana wa michezo akaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Hakuelewa," mzee akasema taratibu. "Na kwangu pia hakuelewa."

Muhula mzima nilikuwa nangoja mtu aseme hivyo. Nikasogeza kiti. "Basi tufanyeje, mwalimu? Tuanzie wapi naye?"

Mwalimu mkuu alikuwa anatazama dirishani, wingu limeshuka upande wa Mugumu. "Mvua hiyo, jamani, na wengine mna pikipiki. Hilo tuliweke kwenye kikao kijacho."

Kikao kijacho kilikuwa Januari. Mzee alikuwa ameshafungua mdomo kunijibu. Akaufunga, akachukua koti lake, akatoka na wenzake.